Msimamizi kanifutia T kwenye FPUT. Huyu Mary Tsingou alikuwa nani hasa?

Binti_Kongwa

Wadau, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, nasoma hesabu hapa Dodoma. Mradi wangu wa mwisho ni kupiga kwenye kompyuta lile tatizo la kamba ya Fermi. Kwa msiolijua: unapanga vitu vidogo vyenye uzito kwenye mstari, unaviunganisha kwa springi, unaitikisa ile kamba, halafu unafuatilia nishati inakwenda wapi.

Makala za siku hizi zinaliita FPUT: Fermi, Pasta, Ulam, Tsingou. Na mimi nikaandika hivyo hivyo. Rasimu imerudi ina wino mwekundu, T imekatwa kila ilipojitokeza, na pembeni pameandikwa "waliofanya ni watatu". Nikaenda ofisini kwa adabu zote kuuliza. Nikaambiwa huyo wa nne alikuwa binti wa kuingiza data tu, jina lake limechomekwa juzi juzi kwa sababu za kisiasa, na nisipoteze muda.

Sitaki ugomvi na mtu anayenipa maksi. Ila nimeshindwa kulala vizuri, kwa sababu hiyo programu naiandika mwenyewe na najua inavyonitoa jasho. Kama miaka ya 1950 kulikuwa na mtu aliyeiandika kwenye mashine isiyo hata na skrini ya maana, huyo ni "wa kuingiza data" kweli?

Naomba anayejua anieleze kwa maandishi. Video msinitumie, bando langu ni la kuunga unga.

---

Zabibu_Chungu

Dada, futa T, chukua maksi zako, uhitimu. Ukishapata kazi utaandika T kubwa hata kwenye mlango wa nyumba yako.

---

Mama_Hombolo

Mbukwenyi. Mwanangu Binti_Kongwa, usimsikilize huyo Zabibu. Kaa nikueleze, leo siendi shambani mpaka jua lipoe.

Mimi nilianza kazi Dar, idara moja ya serikali, nikiwa msichana wa kutoboa kadi, zile karatasi ngumu ambazo kompyuta ilikuwa inasoma matundu yake. Baadaye nikafundishwa kuandika programu, nikaifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu na kurudi nyumbani kulima zabibu. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema "alikuwa binti wa kuingiza data tu", huwa namuuliza kwanza kama amewahi kuingia chumba cha mashine.

Mary Tsingou alizaliwa Milwaukee, Wisconsin, Oktoba 1928, wazazi wake wakiwa Wagiriki. Uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka, familia ikahamia Bulgaria mwaka 1936, kwa sababu baba yake alikuwa na mali kule. Wakarudi Marekani mwaka 1940. Akasoma hesabu na ualimu Chuo Kikuu cha Wisconsin, akamaliza 1951. Angalia hapo: ni mtu mwenye shahada ya hesabu. Ya uzamili akaipata Michigan mwaka 1955.

Mwaka 1952 mwalimu wake wa milinganyo tofautishi, naye mwanamke, akamshauri aombe kazi Los Alamos, ile maabara ya New Mexico iliyotengeneza bomu la atomiki. Vijana wa kiume walikuwa wamepungua kwa sababu ya Vita vya Korea, ndipo nafasi zikatolewa kwa wasichana. (Sisi mlango hutufungukia wanaume wakiwa vitani, au mashine ikiwa mpya na hakuna mkubwa anayetaka kujichafua mikono nayo. Ikishazoeleka, wanarudi wote.)

Akaanzia kundi la T-1, la kupiga hesabu kwa mkono. Kisha akahamia T-7, kundi la Nicholas Metropolis, lililokuwa na kompyuta mpya iitwayo MANIAC. Yeye na mwenzake Mary Hunt ndio waandika programu wa kwanza kuanza kuijaribu ile mashine waone inaweza nini.

Sasa sikiliza MANIAC ilivyokuwa. Kumbukumbu yake ilikuwa maneno 1,024, kila neno biti 40. Piga hesabu, ni kilobaiti tano. Picha ya mbuzi aliyonitumia mjukuu wangu jana haiingii humo. Na humo ndimo ilipaswa kukaa programu yenyewe, pamoja na mahali ilipo kila nukta ya kamba, na kasi yake, na majibu ya katikati. Fortran, lugha ya kuandikia programu, haikuwepo, ilitoka 1957. Alikuwa anaandika amri za mashine moja moja, akijua mwenyewe namba gani imelala shimo lipi la kumbukumbu. Ukikosea shimo, mashine haikuambii kitu. Inakupa jibu. Jibu zuri tu, lililonyooka, la uongo.

Sisi kwenye kadi tulikuwa na ujanja wetu. Ukishapanga bunda la programu, unachukua kalamu ya wino mzito unachora mstari wa mshazari ubavuni mwa bunda, toka kona hii mpaka kona ile. Kadi zikidondoka sakafuni (na zinadondoka, hasa bosi akiwa amesimama mlangoni), unazipanga upya mpaka mstari urudi mnyoofu. Kisha kabla ya kumpa mwendeshaji wa mashine, tulikuwa tunapitia hatua za mwanzo kwa penseli, tujue jibu la kwanza na la pili linatakiwa kuwa ngapi. Mashine ikitoa tofauti, unajua kosa liko kwako. Zikilingana, hapo ndipo unaanza kuiamini, na bado kwa jicho moja. Mtu wa kuingiza data hafanyi hayo. Anapewa karatasi, anatoboa yaliyoandikwa.

---

Nukta_Mbili

Shikamoo mama. Maelezo mazuri, ila naomba tusichanganye mambo mawili.

Mimi naandika mifumo, ofisi yetu iko Mtumba. Kila wiki napewa wazo la mtu mwingine nilifanye litembee. Mfumo ukizinduliwa, jina langu halitajwi, na sijawahi kudai. Mwenye wazo ni mwenye wazo.

Ripoti ya hiyo kazi ipo, inaitwa LA-1940, ya Mei 1955. Walioiandika ni Fermi, Pasta na Ulam. Mary ametajwa kwenye tanbihi, anashukuriwa kwa kuandika programu kwa ufanisi na kuendesha hesabu kwenye MANIAC. Walimshukuru, hawakumficha. Msimamizi wa dada yuko sahihi kwa hilo: swali la kisayansi lilikuwa la watatu. Fermi alikuwa na Nobel tangu 1938, hakuhitaji mtu wa kumfundisha fizikia.

---

Mwl_Mpwapwa

Nasalimu wote. Shikamoo mama.

Kabla hamjaendelea kuvutana, ngoja niweke tatizo lenyewe mezani, kwa sababu naona mnagombania umiliki wa kitu ambacho hamjakitazama. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Mwaka jana niliandika hii kamba kwenye laptopu ya shule kwa ajili ya klabu ya sayansi.

Springi ya kawaida ukiivuta mara mbili, inavuta mara mbili. Kamba ya springi za aina hiyo haina maajabu: ukiianzisha na wimbi moja refu, itabaki na wimbi hilo hilo milele. Fermi na wenzake wakaongeza kijinguvu kidogo kisichofuata sheria hiyo ya uwiano. Matarajio yao yalikuwa kwamba nishati ingetoka kwenye wimbi refu ikagawanyika taratibu kwa mawimbi mafupi yote, mpaka kila moja lipate fungu lake. Ndivyo joto linavyotakiwa kusambaa. Walitaka kuona inachukua muda gani.

Nikaweka nukta 32, kile kijinguvu nikakipa robo, kama kwenye mchoro wa kwanza wa ripoti yao. (Wao walitumia 16, 32 na 64, namba zinazoipendeza mashine ya biti.) Nikaianzisha na wimbi moja. Mwanzoni mambo yakaenda kama ilivyotabiriwa: wimbi la kwanza likaanza kushuka, la pili likapanda, likafuata la tatu, la nne. Wanafunzi wakaanza kusinzia. Halafu mchoro ukageuka. Mawimbi mafupi yakaanza kushuka yenyewe, na lile la kwanza likaanza kupanda, likapanda, mpaka kufika mizunguko 157 ya wimbi la kwanza karibu nishati yote ilikuwa imerudi nyumbani. Ni sawa na kutia chumvi kwenye mlenda, ukoroge mpaka iyeyuke kabisa, halafu baada ya muda ukute chumvi yote imejikusanya tena kwenye kijiko.

Binti mmoja wa kidato cha tano akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, programu yako ina kosa."

Na huyo binti ndiye aliyeelewa tatizo kuliko sisi wote. Kwa sababu mwaka 1953 au 1954, mtu wa kwanza kuliona hilo lazima alifikiri hivyo hivyo. Mimi nilipunguza hatua ya muda kwa nusu, nikarudia, mchoro ukatoka ule ule. Nikajumlisha nishati yote kila hatua kuona kama inavuja. Haikuvuja. Ilinichukua kipindi kimoja. Kwenye mashine ya kilobaiti tano, ikiwa na hatua za hesabu karibu 30,000 kwa mchoro mmoja, nani alikuwa na uwezo wa kusema "hapana, hili si kosa, ndivyo kamba inavyofanya"? Ni yule aliyejua kila amri iliyomo ndani.

Nukta_Mbili, ndugu yangu, mfumo wako wa Mtumba haujawahi kugundua sheria mpya ya maumbile. Hii programu iligundua. Kutoka hapo mwaka 1965 Zabusky na Kruskal wakaja na solitoni, yaani wimbi la pekee linalosafiri bila kubadilika umbo, na mlango wa mambo ya vurugu za mifumo isiyo na uwiano ukafunguka. Jaribio lilikuwa ndani ya programu. Hapakuwa na kamba ya kweli mahali popote.

---

Zabibu_Chungu

Mwalimu umeniharibia mlenda, usiku huu nilikuwa nimejiandalia.

---

Mama_Hombolo

Marahaba wanangu. Nukta_Mbili, nakushukuru kwa kuitaja ripoti. Sasa ifungue ukurasa wa mwanzo uutazame vizuri, maana umesoma mstari mmoja ukaruka mwingine.

Pale kuna mistari miwili. Mmoja unataja waliofanya kazi: Fermi, Pasta, Ulam, na M. Tsingou. Mwingine unataja walioandika ripoti: Fermi, Pasta, Ulam. Wanne walifanya, watatu waliandika. Wenyewe waliliweka wazi mwaka 1955. Waliofuata ndio waliochukua mstari wa chini wakauacha wa juu, na miaka zaidi ya hamsini ikapita watu wakinakili jina kutoka kitabu hiki kwenda kile. Kwa hiyo msimamizi anaposema T imechomekwa juzi, aambiwe kwa heshima kwamba T iko ukurasa wa kwanza.

Tena Fermi alifariki Novemba 1954, ripoti haijaisha. Haikupelekwa kwenye jarida, ikabaki karatasi ya ndani ya maabara mpaka ilipoingizwa kwenye mkusanyo wa kazi zake mwaka 1965. Kitabu kina jina la Fermi jaladani, nani atatafuta jina la mtu wa nne humo ndani?

Halafu kuna mchoro. Mary alichora kwa mkono wake mtiririko wa hatua za programu, vijumba na mishale, na juu kuna tarehe kwa mtindo wa Wamarekani: 5-20-55. Mimi niliuona ukiwa umechapishwa, nikaukuza kwenye simu mpaka herufi zikavunjika. Huwezi kunidanganya kwenye mchoro kama ule. Aliyechora anaamua: tunaanza hapa, tunarudi hapa, hapa tunapima kama tumefika, hapa tunachapa. Fermi anaweza kusema "tuone nishati inagawanyikaje". Kutoka sentensi hiyo mpaka vijumba vile kuna safari, na safari hiyo ina maamuzi ya hesabu ndani yake.

Na hili nimeliweka mwisho makusudi, kwa ajili yako Nukta_Mbili. Mwaka 1958 Mary aliolewa na Joseph Menzel, akawa Mary Menzel. Mwaka 1972 yeye na James Tuck wakachapisha makala kuhusu kamba ile ile. Walikuwa wameiacha iende muda mrefu mno kuliko mara ya kwanza. Kumbe nishati inaporudi hairudi yote, kila mara inapungukiwa kidogo, wakati mwingine mtu angedhani ndiyo inaishia hivyo. Walipoendelea, ile pungufu nayo ikaanza kujijaza, mpaka nishati ikarudi karibu yote kabisa. Mzunguko mkubwa juu ya mzunguko mdogo. Niambie sasa, karani wa kuingiza data anarudi kwenye tatizo baada ya miaka kumi na saba kuuliza swali ambalo wenye wazo hawakuliuliza?

Ila makala hiyo ina jina la Menzel, na tanbihi ya 1955 ina jina la Tsingou. Watu hawakuunganisha. Ndoa moja tu, mtu mmoja akawa wawili, na hakuna kati ya hao wawili aliyekumbukwa. Mfaransa Thierry Dauxois ndiye aliyeliandika hili vizuri kwenye jarida la Physics Today, Januari 2008, na kutoka hapo wengi wakaanza kuandika FPUT. Yeye mwenyewe Mary alikuwa ameshastaafu Los Alamos tangu 1991, baada ya kuwa mmoja wa mabingwa wa Fortran pale na kupiga hesabu za ule mpango wa Reagan wa kuzuia makombora angani.

Kwetu hapa, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, tulibaki kubana pumzi na mashine zilizokuwepo. Nafasi ya kumbukumbu ilikuwa dhahabu. Kuna programu nilizibana mpaka nikazijua kwa kichwa, na mwongozo wake ulipochapishwa ukawa na jina la mkuu wa kitengo. Sikulalamika, ndiyo ilikuwa desturi. Lakini desturi si ushahidi kwamba kazi aliifanya mkuu wa kitengo.

---

Takwimu_Area_C

Naongeza kidogo tu, niko kazini. Sisi wa takwimu tuna ya kwetu. Ile njia ya kuchukua sampuli kwa bahati nasibu hatua kwa hatua tunaiita "ya Metropolis". Makala ya 1953 ina waandishi watano: Metropolis, Arianna na Marshall Rosenbluth, Augusta na Edward Teller. Programu iliyoendesha hesabu zile kwenye MANIAC, hiyo hiyo ya Mary, aliiandika Arianna Rosenbluth. Alikuwa na PhD ya fizikia kutoka Harvard. Alifariki Desemba 2020. Mimi nimetumia njia yake miaka yote nikimtaja bosi wa kundi.

---

Nukta_Mbili

Mama, hiyo ya 1972 sikuwa naijua. Naikubali, inabadilisha uzito.

Ila bado nina swali ambalo mtalikwepa: tukifungua mlango huu tunaufunga wapi? Mary Hunt je? Mafundi waliokesha wakibadilisha valvu zilizoungua je? Jina la tatizo haliwezi kuwa orodha ya mishahara.

---

Mwl_Mpwapwa

Linafungwa pale ukurasa wa kwanza unapolifunga. Majina manne kwenye mstari wa waliofanya kazi. Hatuongezi mtu, tunasoma kilichoandikwa.

---

Nukta_Mbili

Sawa mwalimu, hiyo nimeielewa. Kwa hiyo hoja yako si huruma, ni nyaraka. Ungeanza na hiyo.

---

Binti_Kongwa

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Asanteni mno, sikutegemea majibu ya namna hii.

Nimeipata LA-1940, nimeona mistari yote miwili kwa macho yangu. Kesho naenda steshenari kuprinti ukurasa wa mwanzo, naubana nyuma ya rasimu bila maneno mengi. Kwenye sura ya pili nitaandika FPUT na chini naweka sentensi moja: kazi ilifanywa na wanne kwa mujibu wa ripoti yenyewe. Akikata tena nitajua anabishana na Fermi, si na mimi.

Mwalimu, nina shida nyingine. Kamba yangu hairudi. Nishati yangu inapanda tu yenyewe, jumla inaongezeka mpaka namba zinalipuka. Nukta 32, robo, hatua ya muda 0.1. Natumia njia ya Euler, ile ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, tuliyofundishwa mwaka wa pili.

---

Mwl_Mpwapwa

Marahaba. Euler ndiyo inayokuponza, inaingiza nishati isiyokuwepo kila hatua, na hata ukipunguza muda utachelewesha tu mlipuko. Tumia ile ya kuruka (leapfrog): kasi uihesabu katikati ya hatua, mahali uhesabu mwishoni, zipokezane. Mistari ya programu haiongezeki hata miwili. Usibadilishe kingine chochote. Ikifika mzunguko wa 150 na kitu, kaa karibu na laptopu uangalie, na hakikisha betri imejaa kwa sababu umeme wa wiki hii mnaujua.

---

Mama_Hombolo

Na hatua mbili za kwanza zipige kwa penseli, mwanangu, ulinganishe.